Mtafiti wa Likizo na Lugha ya Mfumo: Mafunzo kutoka Umwe, Rufiji



1.0 Utangulizi

Kila mwaka, vyuo vikuu vya Tanzania vinapofunga kwa likizo ndefu, wanafunzi hutawanyika kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo na kwenye tafiti fupi. Baadhi yao hupata ufadhili: nauli, posho ya kujikimu, na barua ya utambulisho kwa mkurugenzi wa halmashauri. Katika miaka ya karibuni idadi ya wanaopangiwa mada zinazohusu teknolojia ya Serikali imeongezeka. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopata sura yake ya sasa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, ina kituo cha utafiti na ubunifu jijini Dodoma ambako wanafunzi wa vyuo vikuu hupokewa na kupewa matatizo halisi ya utumishi wa umma wayatafutie ufumbuzi. Utaratibu huu ni wa kupongezwa. Hata hivyo, unazua swali ambalo wataalamu wa kompyuta peke yao hawawezi kulijibu: mwanafunzi huyo anapotoka ofisini na kwenda kwa mwananchi, anauliza kwa lugha gani, anasikia nini, na anarudi na nini?

Mhadhara huu unajadili swali hilo kwa kutumia mfano wa Umwe, kata iliyo jirani na Ikwiriri, kaskazini mwa Mto Rufiji, pamoja na maeneo yanayoizunguka ya Kibiti na delta. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambazo watu wake wameulizwa maswali mengi sana na watafiti. Hoja inayotetewa ni kwamba ufadhili wa utafiti wa likizo ni jambo la lugha kabla ya kuwa jambo la fedha. Mwanafunzi asiyeyachukulia maneno ya anayehojiwa kuwa ni ushahidi ataipelekea Serikali tarakimu sahihi zenye maana isiyo sahihi.

2.0 Likizo ya nani?

Ni vyema kuanza na jina lenyewe. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, ufadhili wa namna hii hutolewa wakati wa joto, na aghalabu hutafsiriwa kuwa ‘utafiti wa kiangazi’. Tafsiri hiyo inapotosha. Pwani ya Tanzania, kiangazi ni kipindi cha jua kali kati ya mvua za vuli na za masika. Miezi ya likizo ndefu huangukia kipupwe na siku zinazofuata, na kwa mkulima wa bonde la Rufiji hicho si kipindi cha mapumziko hata kidogo.

Kilimo cha bonde hilo hufuata mwendo wa mto. Mpunga hupandwa kwa kutegemea mvua na maji ya mto yanayopanda. Maji yakishuka, udongo uliobaki na unyevu hupandwa mahindi na mazao mengine, na kilimo hicho cha baada ya mafuriko huitwa mlau. Katika msimu huo familia nyingi kwa desturi hukaa mashambani, katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuyalinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na viboko. Mwanafunzi anayebisha hodi mchana katika mitaa ya Umwe anaweza kuandika kwamba ‘kaya haikupatikana’. Kaya ipo, iko kwenye mlau. Fomu yake haina nafasi ya neno hilo.

Neno mafuriko lenyewe ni mfano mwingine. Katika lugha ya mipango, mafuriko ni maafa. Katika kilimo cha mlau, mafuriko ya kiasi ni sharti la mavuno, na mwaka ambao maji hayakupanda ni mwaka wa wasiwasi. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, iliyowahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye ardhi ya juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliofika huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 walilazimika kushughulikia tatizo la umbali kati ya makazi mapya na mashamba ya zamani. Kwa upande mwingine, mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoharibu makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yaliwakumbusha watu wote kwamba maana ya kwanza nayo ni ya kweli. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kusanifu mfumo wa kutoa tahadhari kwa simu hana budi kujua kwamba ujumbe usemao ‘mafuriko yanakuja’ unaweza kuogofya, kufurahisha, au kupuuzwa, kutegemea ni mafuriko yapi.

3.0 Watangulizi wa 1968

Wanafunzi wanaokwenda vijijini siku hizi na vishikwambi mikononi wana watangulizi. Mnamo 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliendesha mradi wa kukusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji. Wanafunzi walikwenda kwa wazee waliokuwa wakivikumbuka vita vile, wakawahoji, wakaandika. Kazi zao zilikusanywa mwaka 1969. Miongoni mwa wanahistoria walioongoza utafiti wa Majimaji katika kipindi hicho ni John Iliffe na Gilbert Gwassa.

Rufiji ilikuwa karibu na kiini cha habari hizo. Ngarambe, alikokaa Kinjikitile Ngwale, na Mohoro, aliponyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, zote ziko katika eneo la Rufiji. Kabla ya mradi huo, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya vita ilitegemea kumbukumbu za watawala. Baada yake, historia ya Majimaji haikuweza tena kuandikwa bila sauti za waliopigana na watoto wao. Haya yalifanywa na wanafunzi, si maprofesa peke yao, na yalifanywa kwa muda mfupi.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika mfano huo. Kwanza, mafanikio yalitokana na lugha. Mwanafunzi aliyezungumza Kiswahili, au lugha ya mama ya mzee aliyekuwa akimhoji, alipata habari ambayo afisa wa kikoloni asingepewa. Pili, kazi zilizokusanywa ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliyesimulia hakuweza kuisoma habari yake mwenyewe, wala kusahihisha palipokosewa. Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthiliya ya Kinjeketile kwa Kiswahili. Ni tamthiliya hiyo, zaidi ya ripoti za wanafunzi, iliyoifikisha habari ya Kinjikitile madarasani na majukwaani. Tofauti ya mapokezi ya kazi hizo mbili inatokana kwa kiasi kikubwa na lugha, na wanaogawa fedha za utafiti wangefaidika kuitafakari.

4.0 Kuhesabu kwa Kiswahili: Rufiji tangu 1998

Mfano wa pili unahusu teknolojia ya Serikali moja kwa moja. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania, kwa kushirikiana na kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, IDRC, iliendesha mradi uliojulikana kwa ufupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa rahisi: je, halmashauri ya wilaya ikipewa takwimu sahihi za magonjwa ya watu wake, pamoja na zana nyepesi za kupangia bajeti, itatumia fedha zake vizuri zaidi?

Ili kulijibu, mnamo 1998 ulianzishwa Rufiji mfumo wa ufuatiliaji wa kaya. Mfumo huo, ulioendelezwa na taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, ulihusisha vijiji vya pande za Ikwiriri, Umwe, Kibiti na Bungu, vyenye watu wapatao 85,000. Kila kaya ilitembelewa mara tatu kwa mwaka. Wahojaji waliuliza nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea kifo, jamaa waliombwa kueleza ugonjwa wa marehemu ulivyoanza na ulivyokwenda, na kutokana na maelezo hayo waganga wa hospitali walikadiria sababu ya kifo. Wanafunzi wa shahada za juu, Watanzania na wageni, waliandika tasnifu zao kutokana na takwimu hizo.

Matokeo yake yanajulikana. Ilibainika kwamba malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali bajeti ya afya ya 1996 iliitengea asilimia 5 tu. Halmashauri zilipopanga upya matumizi kwa kuongezewa fedha kidogo, kiasi cha senti 80 za dola kwa kila mtu kwa mwaka, mabadiliko yalionekana. Vifo vya watoto wachanga Rufiji vilipungua kutoka 100 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Si haki kudai kwamba kompyuta ndiyo iliyowaokoa watoto hao. Waliookoa ni wauguzi, dawa na wazazi. Lakini takwimu ndizo zilizoonyesha dawa zipelekwe wapi.

Nyuma ya tarakimu hizo kuna kazi ya lugha ambayo ni nadra kutajwa. Chukua neno degedege. Kwa wazazi wengi wa pwani, mtoto anayekakamaa na kugeuza macho ana degedege, na degedege si homa ya malaria. Ni tatizo lingine, lenye chanzo chake na tiba yake. Daktari huyaita malaria kali mengi ya matukio hayohayo. Mhojaji akiuliza, ‘Je, mtoto alikuwa na malaria?’, mama atajibu kwa ukweli mtupu, ‘La, alikuwa na degedege.’ Fomu itaandika kwamba malaria haikuwapo. Hakuna aliyedanganya, swali ndilo lililokosea. Ndiyo maana mahojiano juu ya kifo yaliwaacha jamaa waeleze kwa maneno yao, na neno degedege likapokelewa kuwa ni ushahidi.

Faida ya usikivu huo ilionekana baadaye. Ilikuwa imezoeleka kudhani kwamba watoto hufa kwa sababu wazazi huwapeleka kwa waganga wa jadi badala ya zahanati. Uchunguzi wa vifo vya Rufiji uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wengi wa waliofariki kwa dalili za malaria walikuwa wametafutiwa kwanza tiba ya kisasa. Kwa maneno mengine, wazazi walifika. Tiba ndiyo iliyochelewa, au haikutosha. Sera inayojengwa juu ya dhana ya kwanza itachapisha mabango ya kuwaelimisha akina mama. Sera inayojengwa juu ya ushahidi wa pili itapeleka dawa na wahudumu. Tofauti kati ya sera hizo mbili ni uhai wa watoto, na ilipatikana kwa kuwauliza wafiwa kwa lugha yao na kuwaamini.

5.0 ‘Mfumo haukusomi’

Kutoka kwenye afya, hoja inahamia kwenye huduma za kidijitali za leo, ambazo ndizo mada ya wanafunzi wengi wa sasa. Lugha ya huduma hizo imezaa Kiswahili kipya. Mwananchi anayekwenda kwenye dirisha la huduma huambiwa kwamba ‘mfumo umegoma’, ‘mtandao unasumbua’, au ‘jina lako halisomi’. Sentensi hizi zinastahili uchambuzi wa kiisimu. Katika kila moja, mtenda ni mashine. Karani hayumo, mhandisi aliyesanifu programu hayumo, na ofisi iliyotoa zabuni haimo. Mwananchi anabaki bila mtu wa kumlalamikia, kwa sababu haiwezekani kugombana na mfumo.

Kwa nini jina halisomi? Sababu mojawapo ni ya kifonolojia. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo jina la Kiarabu linaloishia na konsonanti huongezewa irabu linapotamkwa na Waswahili: Said huwa Saidi, Rashid huwa Rashidi. Jina Uthman huandikwa pia Othman, Othmani na Athumani. Katika jamii ya Kiislamu kama ya Rufiji, mtu mmoja anaweza kuandikwa Saidi kwenye cheti cha shule, Said kwenye kadi ya mpiga kura, na kwa namna nyingine tena kwenye kitambulisho cha Taifa. Kwa masikio ya jirani zake, hayo ni jina moja. Kwa kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi, ni watu watatu.

Jambo hili si dogo. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uliunganishwa na kitambulisho cha Taifa, na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Kwa mtu anayepokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam kupitia simu, laini ikizimwa, njia ya fedha imezibwa. Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuandika programu ya kulinganisha majina kwa wiki chache. Atakayemwambia kwamba Athumani na Uthman ni jina moja ni mwanafunzi wa isimu, au bibi wa Umwe aliyemlea Athumani huyo. Ufadhili wa likizo ungetoa matunda bora zaidi iwapo ungewapeleka wanafunzi wawili pamoja, mmoja wa kompyuta na mmoja wa Kiswahili, badala ya mmoja peke yake.

Istilahi za sheria nazo zinahitaji uangalifu huohuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa kila mtu haki juu ya habari zinazomhusu. Ni hatua kubwa. Lakini katika matumizi ya kila siku, taarifa ni habari inayotangazwa: taarifa ya msiba, taarifa ya mkutano. Binafsi, kwa wengi, ni kinyume cha ‘ya Serikali’: shule binafsi, zahanati binafsi. Msikilizaji anaweza basi kuelewa ‘taarifa binafsi’ kuwa ni habari za mashirika yasiyo ya Serikali, na akadhani sheria haimhusu. Vivyo hivyo, fomu ya ridhaa inayosomwa harakaharaka na mgeni aliyefuatana na mwenyekiti wa kitongoji inaweza kueleweka kuwa ni agizo. Katika maeneo ya Kibiti na Rufiji, ambako mauaji ya viongozi wa vijiji yaliyofikia kilele mwaka 2017 yaliwafanya watu wawe na hadhari na anayeuliza nani anakaa wapi, ridhaa haiwezi kuwa saini tu. Ni mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji muda na maneno yanayoeleweka.

6.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi yanayopaswa kujibiwa. La kwanza ni la muda: miezi miwili haitoshi kuijua jamii. Ni kweli. Ndiyo maana mwanafunzi asianze upya. Kwa mahali kama Umwe, ambako kaya zilitembelewa kwa miaka mingi, jukumu lake la kwanza ni kusoma yaliyokwisha kuulizwa. Kumuuliza mtu swali ambalo alikwisha kulijibu, na ambalo jibu lake hakuletewa, ni kumchosha na kumdharau.

La pili ni la istilahi: inadaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa sera ya teknolojia. Dai hili linapingwa na matumizi yenyewe. TEHAMA ilianza kama ufupisho, nayo leo ni nomino ya kawaida. Kishikwambi kilienea nchini kwa sensa ya Agosti 2022, na leo mtoto wa shule analitamka neno hilo bila kusita. Maneno huzaliwa yanapohitajika, na utafiti wa vijijini ni mahali pazuri pa kuyaokota kabla ya kuyabuni mezani.

La tatu ndilo zito zaidi. Mwanafunzi hupimwa kwa Kiingereza. Ripoti ya Kiswahili haimwongezei alama. Pingamizi hili linahusu vyuo vyenyewe, na ni vyuo vinavyoweza kuliondoa. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Ikiwa sheria inaweza kutungwa kwa Kiswahili, hakuna sababu ya ripoti ya mwanafunzi kuhusu utekelezaji wa sheria hiyo kushindwa kuandikwa kwa lugha hiyo, hata kama muhtasari wa Kiingereza utaambatishwa.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba Rufiji, kuanzia masimulizi ya Majimaji ya 1968 hadi hesabu za kaya za 1998 na mifumo ya leo, imeifaa elimu ya juu ya Tanzania pale tu ambapo watafiti waliyapokea maneno ya wenyeji kuwa ni maarifa. Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa kwa wanaofadhili na kusimamia tafiti za likizo.

Kwanza, hojaji iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo na ijaribiwe kijijini kabla ya kutumika, badala ya kutafsiriwa usiku wa kuamkia safari. Pili, maneno halisi ya wahojiwa yahifadhiwe pamoja na tarakimu, ili degedege lisigeuzwe sifuri na mlau usigeuzwe nyumba tupu. Tatu, malipo ya mwisho ya ufadhili yatolewe baada ya matokeo kusomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji au wa kitongoji, na maswali ya wananchi kuandikwa katika ripoti. Gharama ya sharti hili ni nauli ya safari moja ya kurudi Ikwiriri.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Kwa anayeuliza kwa niaba ya Serikali, kuna wajibu unaofuata swali: kurudi na jibu. Mtu wa Umwe ameulizwa jina lake, umri wake, ugonjwa uliomuua mtoto wake na alama za vidole vyake. Anastahili naye kuuliza ni nini kilichofanywa kwa majibu hayo, na kujibiwa kwa lugha aliyojibia.